Ndagala Waliopandisha Ziwa

Mwanamke wa Kalemie hapimwi kwa kitenge alichovaa. Anapimwa kwa mahali anapoanika ndagala zake. Akianika chini mchangani, kuku wanadonoa, mabata wanakanyaga, mbuzi anapita na kuacha alichoacha, na mbwa wa jirani, shetani yule, anakuja kuchagua kama mteja. Jioni unajaza gunia, nusu samaki nusu mchanga. Mnunuzi wa Kabalo anatia moja mdomoni, anatema, anakutazama kama mwizi. Lakini ukiwa na mahali safi, pamezungukwa, mnyama haingii, wewe ni malkia, na wenzako watakuchukia kimya kimya mpaka wapate sababu ya kukuchukia kwa sauti.

Mwanvua alipapata mahali hapo. Laiti asingepapata!

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye avenue, ile inayoshuka kutoka relini mpaka ziwani, na ukuta wake wa nyuma ulitazamana na maji uso kwa uso. Aliijenga mwenyewe. Mumewe, Sulemani, alivuka kwenda Kigoma na madumu ya mawese, akakuta mwanamke mwingine huko, akasahau njia ya kurudi. Mtoto hawakujaliwa. Basi Mwanvua akajifunga kibwebwe, akauza ndagala mwaka baada ya mwaka, akanunua matofali, akanunua mabati, akaanza na chumba, halafu sebule, halafu jiko. Ukimuuliza ana nini hapa duniani, hakutaja ndugu wala dhahabu. Alinyoosha kidole tu: "Ile pale."

Kisha likaja lile jambo la ziwa kupanda. Maji yalimeza ufukwe, yakameza michikichi, yakaingia kwenye majiko ya watu bila hodi. Kwa Mwanvua yalifika kizingitini, yakalala hapo siku kadhaa, yakaanza kurudi polepole. Ndipo walipokuja watu wa mradi wa mafuriko na gari lao jeupe. Walisimika nguzo ya chuma nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo maji yalikuwa bado yanafika magotini. Juu ya nguzo waliweka plake, lile bamba la umeme wa jua, chini ya plake kijisanduku chenye batri, pembeni antene nyembamba. Na mkono mmoja wa chuma ulitokeza mbele ukiwa na kitu cheusi kama kikombe kilichofudikizwa, kinatazama chini kwenye maji. Landry, injinia kijana, mtoto wa Moba, alikiita kapteri. Watu wa avenue hawana muda wa Kifaransa kirefu, wakakiita Jicho.

Macho mengine yalipangwa kando ya ziwa na kando ya mto Lukuga, mahali pasipo na umeme wala mtandao wa simu. Kila Jicho lilikula jua mchana, likaweka akiba kwenye batri, na kila baada ya muda likatuma habari za maji hewani, bila waya, mpaka kwenye nguzo kubwa iliyosimama kilimani. Kutoka kilimani habari zilishuka mpaka biro ya mradi mjini, zikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Huo njo uzuri wake, Mama," Landry alisema siku ile, akiwa amekaa sebuleni kwa Mwanvua na ugali mkononi, kwa sababu Mwanvua hakuweza kuona watu wanafanya kazi nyuma ya nyumba yake halafu waondoke na njaa. Aliwapikia samaki kuhe mzima na sombe ya majani ya muhogo. "Sasa tutakuwa tunakaa mu biro, tunaona ziwa yote. Hakuna tena mambo ya kutembea."

"Na samaki, mutakuwa munamukula mu biro vilevile?" Mwanvua alimtania, na wote wakacheka.

Wakampa ulinzi wa Jicho. Walizungusha uzio wa waya mrefu kuliko mtu, wakaweka mlango na kufuli. Maagizo ya Landry yalikuwa mafupi. Futa plake kila asubuhi, maana vumbi linafunga jua. Mbuzi asiingie. Mtoto asiingie. Basi. Jicho linaona nini, linaonaje, hakusema. Pengine alidhani mwanamke wa ndagala hana haja ya kujua. Pengine kuhe alikuwa mtamu mno. Alinawa, akashukuru, akapanda gari, na miguu yake haikukanyaga tena avenue ile kwa miezi.

Kiangazi kikaingia na maji yakarudi nyuma. Ndani ya uzio pakabaki mchanga mkavu, mweupe, haujaguswa na ukwato wala ukucha. Na siku hizo hizo ziwa likafunguliwa kwa wavuvi baada ya kufungwa ili samaki wapumzike. Ee Mungu, ndagala walikuja mwaka ule! Mitumbwi ilirudi asubuhi imezama mpaka ukingoni. Samaki wako tele, mahali pa kuwaanika hakuna, kwa kuwa ufukwe wa zamani bado ulikuwa tumboni mwa ziwa. Wanawake waligombania mchanga wa kutosha mkeka mmoja. Watu walitukanana mpaka mababu.

Chadia ndiye aliyeleta neno. Chadia alikuwa jirani wa Mwanvua, ukuta kwa ukuta, mke wa mvuvi, mama wa watoto watano waliokula zaidi kwa Mwanvua kuliko kwao. Wanawake hao wawili walizoeana mpaka chumvi ya mmoja ilikuwa ya mwingine. Asubuhi moja alimkuta Mwanvua amepanda kwenye stuli anafuta plake, akasimama nje ya uzio, mikono kiunoni.

"Dada, huyu Mungu unamuombaga kila siku, amekupa kiwanja na kufuli, na bado unaanika samaki mu njia ya mabata?"

"Injinia alikataza."

"Alikataza nini?"

"Mbuzi na mutoto."

"Basi! Ndagala njo mbuzi? Ndagala njo mutoto?"

Mwanvua alicheka mpaka stuli ikayumba. Na ukweli usemwe, alikuwa na hamu. Mahali safi namna ile, pamelindwa, ufunguo uko shingoni mwake! Kabla ya adhuhuri walikuwa wamejenga uchanja wa miti na wavu mkuukuu, wa kufika kifuani, katikati kabisa ya uzio, kwa sababu katikati ndipo jua lilipopiga vizuri. Kikombe cheusi cha Jicho kilikuwa juu yake moja kwa moja. Mchana walitandaza ndagala, jioni walizikusanya ziwe kichuguu na kuzifunika turubai umande usiziharibu. Samaki wao walitoka weupe, wakavu, wanalia kama majani makavu ukiwashika. Wanunuzi walianza kuuliza kwa Mwanvua kabla hawajauliza kwa mwingine yeyote, na Chadia alipata haki yake sawasawa, samaki kwa samaki.

Landry alimpigia simu mara moja. "Mama, pongezi! Plake yako njo ya kwanza mu yote. Zingine zinakatika, vumbi, nini, yako hata siku moja haijakosa kutuma." Mwanvua alisimulia pongezi ile avenue nzima. Alifuta plake kwa kitambaa laini, kama anafuta uso wa mtoto. Laiti angekuwa mvivu! Laiti angekuwa mmoja wa wale walinzi waliolala na kuacha vumbi lifunge jua! Lakini hapana, yeye ndiye mwaminifu, na kila siku, bila kukosa, uongo wake ulifika mjini kwa wakati.

Wapaka rangi waliotumwa na wakubwa wa mji walikuja asubuhi, watu wamekaa wanakunywa chai. Walikuwa na ndoo na brashi, na polisi wawili nyuma yao. Hawakusalimia. Walianza nyumba ya juu, wakapiga msalaba mwekundu ukutani, mkubwa kama mtu aliyenyoosha mikono, wakashuka nyumba kwa nyumba. Kalemie hakuna asiyejua msalaba ule maana yake nini. Ni bomoa. Mzee Twahiri, aliyezaliwa ndani ya nyumba yake ile, na baba yake vilevile, alisimama mbele ya ukuta wake na fimbo, akauliza kwa upole kosa lake ni lipi.

"Haiko makosa, Papa," yule mwenye brashi alijibu. "Udongo wa huku unazama. Mashine imeona. Munapewa kiwanja kule mulimani."

"Unazama? Tangu lini?"

"Mashine njo inajua."

Wakamzunguka mzee, wakapaka. Walipofika kwa Mwanvua alikuwa amesimama mlangoni ameshika miimo yote miwili. Hawakumgusa. Walipaka ukuta wa pembeni, rangi ikachuruzika mpaka kwenye msingi. Alitazama msalaba ule ulivyofunika matofali, na kila tofali pale alilijua. Halafu akajiambia: Mashine? Mashine ipi? Mashine ya huku ni ile yangu.

Alipanda pikipiki mpaka biro ya mradi. Safari ya dakika chache, hata jasho halimtoki mtu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote: kwamba toka biro ile mpaka nyuma ya nyumba yake ni mwendo wa mtu kwenda kununua sigara.

Landry alimpokea kwa furaha, akampa kiti, akamwonyesha kioo. Kulikuwa na mistari mingi inayoshuka taratibu. "Haya ni Macho mengine, Mama. Unaona? Maji inashuka kila pahali, kiangazi." Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja mwekundu uliopanda kwa ghafla na kukaa juu. "Na huu njo wa kwako. Mahali pote maji inashuka, kwako inapanda. Tulipeleka kwa wataalamu wa inje. Wakasema kama ziwa ni moja, na maji haiwezi kupanda kwa muntu mumoja, basi njo udongo unazama. Na angalia hii: kila jioni inapanda kidogo, kila asubuhi inashuka. Mutaalamu mumoja ameandika kama udongo unapumua."

"Unapumua," Mwanvua alirudia.

"Njo vile."

Mwanvua aliutazama mstari. Ulipanda jioni. Ulishuka asubuhi. Alijua kitu kimoja tu nyuma ya nyumba yake kilichopanda jioni na kushuka asubuhi, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyokipandisha.

"Landry, mwanangu. Hii Jicho inaonaje maji?"

"Inatuma sauti chini, sauti ya kutosikilika. Inagonga maji, inarudi. Ikirudi haraka, njo kusema maji iko karibu."

"Na kama inagonga kitu kingine?"

"Kitu gani? Kuna uzio." Halafu akamwona uso. "Mama. Kitu gani?"

Akamwambia. Uchanja, wavu, turubai, yote. Landry hakufoka. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, akainama mpaka paji likagusa meza. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, macho yake yanakimbiakimbia. "Mungu wangu. Wamekwisha kupeleka ripoti mpaka Kinshasa. Mama, usimuambie muntu. Toa ile uchanja leo leo. Mimi nitapanga."

"Na misalaba?"

"Nitapanga, Mama."

Lakini mlango ulikuwa wazi, na mkubwa wa biro, Papa Edmond, alikuwa amesimama hapo na kikombe cha kahawa. Mtu mnene, mpole, sauti ya chini. Alikuwa amesikia ya kumtosha. Mwanvua alidhani atapigiwa kelele, atafukuzwa, ataitiwa polisi. Wapi! Papa Edmond alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwita Mama yangu.

"Umefanya vizuri kusema kweli. Wengi wangeficha. Sasa, Mama yangu, watu wako na wasiwasi. Kesho kuna mkutano ku uwanja wa mupira. Uje, useme mbele ya wote vile umesema hapa. Ukisema wewe mwenyewe, mambo itaisha."

"Misalaba itafutwa?"

"Mambo itaisha," Papa Edmond alisema tena, na akampa mkono.

Mwanvua alitoka pale amepona. Hakuona kwamba Landry hakumtazama wakati wa kuagana.

Alasiri ile alivunja uchanja pamoja na Chadia. Akamweleza yote wakati wanafungua kamba, na Chadia alikaa chini mchangani kama aliyekatwa miguu. Waliogopa, kwa nini nidanganye, waliogopa sana, maana avenue nzima ilikuwa inalia. Lakini Mwanvua alisema watasamehewa, nyumba zikibaki nani atakumbuka uchanja? Chadia akamshika mkono. "Tutasimama wawili," alisema. "Neno lilitoka kwangu. Wallahi, dada, nitasimama nawe."

Uwanjani palijaa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, wakubwa wa mji, Papa Edmond, na Landry kwenye kona ya benchi kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya. Papa Edmond alimwita Mwanvua kwa heshima zote. Akasimama. Alisema yeye ndiye aliyejenga uchanja chini ya Jicho. Alisema mashine iliona ndagala ikadhani ni maji. Alisema udongo hauzami, ziwa halijapanda, nyumba zote ni nzima, na makosa ni yake, anaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya majirani. "Basi mufute misalaba," alimaliza.

Papa Edmond akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mumemusikia," alisema. "Wengine walikuwa wanasema mradi ni waongo. Wengine walisema serikali ni mwizi. Sasa mumemusikia mwenyewe kwa kinywa chake. Tulimupa mashine ya kulinda maisha yenu, yeye akaifanya meza ya biashara. Kikulacho ki nguoni mwako. Haikuwa sisi. Ni dada yenu ndiye aliyepandisha maji mu nyumba zenu."

Uwanja ukaanza kuvuma. Mzee Twahiri aliinua fimbo yake mpaka wakanyamaza. "Tumesikia," alisema. "Kama maji hayakupanda, misalaba inafutwa lini?"

Papa Edmond alitazama wakubwa mezani, wakubwa wakatazama kitambaa. "Hesabu zitasahihishwa, Papa. Hilo ninawaahidi. Lakini uamuzi ulitiwa sahihi, na viwanja vya ufukweni vimekwisha kugawiwa."

"Vimegawiwa kwa nani?"

Mzee aliuliza mara ya pili, na polisi mmoja akasogea karibu naye. Hapo ndipo Mwanvua alipoelewa kwa nini aliitwa Mama yangu. Hawakumhitaji aokoe nyumba. Walihitaji mtu wa kuchukiwa, na yeye alikwenda mwenyewe kwa pikipiki, akalipa nauli yake, akajitoa.

Mzee Twahiri akageuka. Alikuwa mtu wa haki, na haki wakati mwingine inakata vibaya. "Uchanja ule ulikuwa mkubwa, haukuwa wa mikono miwili tu. Chadia, wewe ni jirani yake. Ulikuwa naye?"

Watu wote wakamtazama Chadia. Mumewe, amesimama kando yake, akamtazama pia. Chadia akainuka na mtoto mdogo mgongoni. Mwanvua alimtazama bila wasiwasi. Kama kuna kitu alichokuwa na hakika nacho saa ile, ni yule mwanamke.

"Mimi?" Chadia alisema. "Mimi nilimukataza. Nilimuambia, dada, injinia alisema hapana. Akanifokea. Akasema nina wivu."

Mla nawe hafi nawe. Mwanvua alikuwa amesikia neno hilo tangu utoto, akidhani ni la watu wengine. Mwanamke mmoja akamtupia kiatu, kikampiga begani. Cha pili kilimpita.

Walibomoa wiki hiyohiyo. Tingatinga lilianza chini, kwa hiyo nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mwanvua. Jiko, halafu sebule, halafu chumba, kinyume cha alivyojenga. Majirani walisimama kutazama na kwa mara ya kwanza siku hizo wengine walitabasamu. Aliokoa mabati manane na kitanda. Hakulia mbele yao. Alilia baadaye, njiani kwenda mlimani, nyuma ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni akajifanya anaimba.

Mlimani walipewa vipande vya nyasi na mawe, mbali na maji, mbali na soko, mbali na mitumbwi. Kila mtu alijenga kibanda chake cha turubai akielekeza mlango kwa jirani. Hakuna aliyeelekeza mlango kwa Mwanvua. Alifunga turubai lake mwishoni, akawa anasikia watu wakicheka na kugombana na kuazimana chumvi, na hapakuwa na aliyekuja kuazima kwake.

Siku moja mchana, wengine wakiwa wameshuka sokoni, Chadia alikuja akapitia nyuma. Alichungulia huku na huku kabla ya kuinama kuingia. Alikaa chini bila kukaribishwa, kama zamani.

"Mume wangu alikuwa pale," alianza. "Ungemuona vile alinitazama. Angenifukuza siku ileile, mimi na watoto."

Mwanvua alikuwa anashona tundu la turubai. Hakuinua macho.

"Wewe hauna mutoto, dada. Matusi ikianguka juu yako inaishia hapo. Kwangu itaanguka juu ya vichwa vya wale watano. Watapigwa ku njia. Hakuna atakayewaoa." Akaanza kulia, machozi ya kweli, maana Chadia hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo baya lenyewe. "Beba, tafazali. Wewe unaweza kubeba."

Hasira ilimpanda Mwanvua. Alitaka kumshika nywele. Alitaka kumuuliza ni nani aliyewalaza hao watano homa ikiwapanda, ni nani aliyewachambulia samaki miiba na kuwatilia mdomoni, kama huyo ndiye asiye na mtoto. Lakini alichouliza kilikuwa kingine.

"Ulikuja kuomba musamaha, ao ulikuja kuomba nikae kimya?"

Chadia alifuta pua kwa kitenge.

"Nitakaa kimya," Mwanvua alisema. "Haiko kwa sababu yako. Ni kwa sababu ya wale walikula kwangu. Sasa toka."

Kesho yake, asubuhi, wanawake walipanga mstari kwenye bomba la mkono, lile moja la mlima mzima. Mwanvua alichelewa kusudi, akaweka bidoni yake, dumu la maji, nyuma ya zote. Mstari ulisogea. Alipokuwa amebakiza watu wachache, mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba mahali pale pananuka ndagala. Wengine wakaguna. Hapo Chadia akatoka mbele, akaja mpaka kwenye bidoni ya Mwanvua, akaipiga teke ikabingirika kwenye mawe.

"Mwenye kujua kupandisha maji," alisema, "apandishe yake mwenyewe!"

Kicheko kililipuka mstari mzima. Walicheka kama watu ambao hawajacheka tangu tingatinga, wakishikana mabega, na Chadia katikati yao, salama sasa, amepokelewa.

Neno moja tu lilitosha. Mwanvua alikuwa nalo mdomoni, tayari. Uchanja ulikuwa wazo la nani. Angelisema, na kicheko kingekatika papo hapo. Akamtafuta kwa macho binti mkubwa wa Chadia, yule aliyejifunza kutembea kwenye sebule yake akishika ukuta, kwa sababu ni kwa ajili ya huyo alikuwa amelimeza neno lile jana. Alikuwa hapo, wa tatu kutoka mbele, ameweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka.

Mwanvua akafunga mdomo, akaokota bidoni yake, akashika njia ndefu ya kushuka ziwani.